Kukata Limau, Ndimu na Chungwa kwa Ajili ya Kupamba Chakula na Vinywaji

Slesi ya limau inaponyoka kwenye ukingo wa glasi, mbegu inazama hadi chini ya kinywaji, ganda linaacha uchungu mdomoni. Kasoro hizi karibu zote zina chanzo kimoja: tunda limekatwa bila kuangaliwa limejengwaje. Ukishajua ndani mna nini na kimekaa upande gani, kinachobaki ni kisu kikali na mkono uliotulia.

Matunda ya jamii hii yote, yaani limau, ndimu, chungwa, chenza na balungi, yana mpangilio mmoja. Nje kuna ngozi nyembamba yenye rangi, iliyojaa vifuko vidogo vya mafuta. Ndivyo vile vitone unavyoviona ukisogeza ganda karibu na macho. Harufu nzuri ya tunda imo humo. Chini ya ngozi kuna nyuzi nyeupe laini, ambazo harufu hazina na uchungu zinao. Kisha inakuja nyama, iliyogawanywa na utando katika vipande kama 8 hadi 12, vyote vikikutana kwenye uti mweupe unaopita katikati kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni. Mbegu hukaa zimeuegemea uti huo.

Ukikata kwa kuukingama uti, unapata slesi za duara zenye nyota katikati. Ukikata kwa kuufuata uti, unapata vipande vya kukamulia. Na ukiiacha nyama ukachukua ngozi peke yake, unapata misokoto, tepe na maua. Mapambo mengine yote yametokana na hayo matatu.

Tunda na kisu

Kwa slesi, chagua tunda lenye ganda laini na jembamba, zito mkononi kuliko linavyoonekana. Uzito ni maji. Kwa kazi ya ganda ni kinyume: tafuta ganda nene, gumu kiasi, lenye vitone vinavyoonekana wazi. Lililoanza kulegea au kukunjamana halifai hata kidogo, kwa sababu mafuta yake yamekwisha kukauka na kisu kitalikandamiza badala ya kulipasua.

Matunda mengi hupakwa nta ili yasikauke safarini. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu huku ukiyasugua kwa brashi laini, kisha yafute hadi yakauke kabisa. Ganda lenye maji linateleza, na hapo ndipo vidole hukatwa. Usiliviringishe tunda kwenye meza kwa kulikandamiza kabla ya kulikata, kama watu wafanyavyo wanapotaka kukamua. Kuviringisha kunapasua vifuko vya maji ndani ya nyama, na slesi zitavuja kabla hazijafika mezani. Tunda lililotoka kwenye friji ni gumu zaidi na hukatika vizuri. La kazi ya ganda liache nje kwa nusu saa hivi, maana mafuta hutoka kwa urahisi likiwa halina baridi.

Kisu kidogo chenye ubapa wa sentimita 9 hadi 12 kinatosha kwa karibu kila kitu. Kwa machungwa na mabalungi, kisu chembamba chenye meno hufanya kazi nzuri zaidi, kwa kuwa meno huingia kwenye ganda bila kusukuma. Kisu butu hukioni kwa macho. Unakiona kwenye slesi: ukingo umepinda, nyama imechanika, mbegu zimeburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tandika kitambaa chenye unyevu chini ya ubao wa kukatia ili usitembee. Mbali na hayo, uwe na kimenyeo chenye wembe mpana, vijiti vya meno, na ukipenda, kile kisu kifupi chenye jino lililojikunja linalochimba mfereji mwembamba kwenye ganda.

Slesi za duara

Laza tunda kwa ubavu. Kata ncha zote mbili mpaka nyama ionekane vizuri, si mpaka utokeze weupe tu. Kwa limau hiyo ni karibu sentimita moja kila upande, kwa sababu chuchu yake ni nene. Kwa ndimu nusu sentimita inatosha. Watu huona huruma kutupa ncha, matokeo yake slesi mbili za kwanza ni weupe mtupu wenye kidoti cha nyama katikati.

Sasa amua unene kabla ya kushusha kisu, kwa sababu unene ndio unaoamua slesi itafanya kazi gani. Ya kukaa kwenye ukingo wa glasi iwe milimita 5 hadi 6. Ikipungua hapo inanyong'onyea na kuinama baada ya dakika chache. Ikizidi sana haishiki, uzito wake unaivuta nje. Ya kuelea juu ya kinywaji au kulazwa juu ya samaki na keki iwe milimita 2 hadi 3. Limau la wastani hutoa slesi 6 hadi 8 za ukingoni, na ukipata zaidi ujue umekata nyembamba.

Kata kwa kuvuta kisu, mwendo mrefu mmoja, wala usikibonyeze kishuke moja kwa moja. Vidole vya mkono unaoshikilia vikunjwe, kucha zikitazama ndani, na ubapa wa kisu uuegemee mgongo wa vidole. Ukiona slesi nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mara nyingi si mkono uliotetereka. Ni tunda ambalo halikulala vizuri. Chinja kipande chembamba cha ganda ubavuni ili lipate mahali bapa pa kukalia, kisha endelea.

Toa mbegu kwa ncha ya kisu, moja moja, ukiichokoa kuelekea katikati. Ukiivuta kuelekea nje unachana utando.

Kwa slesi ya ukingoni, chana mstari mmoja kutoka katikati kabisa hadi nje, ukilikata na ganda. Mchano ukivuka kitovu, hata kwa milimita tatu, slesi inafunguka na kuanguka. Chana katikati ya kipande kimoja cha nyama, usipite juu ya utando. Nyama inabana glasi, utando unateleza.

Kwa nusu duara, mpangilio unabadilika, na hapa pana njia inayookoa muda mwingi ukiwa na watu wengi wa kuhudumia. Pasua tunda zima kwa urefu, kufuata uti. Chukua nusu moja, nyama ikikutazama, uchane mstari mmoja kwa urefu kwenye uti wenyewe, kina kifike karibu na ganda lakini kisiliguse. Sasa igeuze, nyama ichini, uikate kwa kukingama. Kila kipande kinachotoka tayari kina mchano wake mahali panapotakiwa, na hutahitaji kukirudia kimoja kimoja.

Slesi iliyosokotwa, ile inayosimama yenyewe juu ya sahani, inatoka kwenye duara zima la milimita 3 hadi 4. Chana kutoka katikati hadi nje, shika midomo miwili ya mchano, moja ipeleke mbele na nyingine nyuma, kisha isimamishe. Ikianguka, imekatwa nene mno au ganda ni gumu mno. Chenza na ndimu husimama kwa urahisi kuliko chungwa lenye ganda nene.

Ukitaka ukingo wenye mapindo, chimba mifereji kwenye ganda kabla ya kukata slesi: mifereji 8 hadi 10 kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, ikiachana kwa takriban sentimita moja, na kina cha milimita 2, weupe uonekane bila kuifikia nyama. Asiye na kisu cha mfereji atumie ncha ya kisu cha kawaida, akilaza ubapa upande huu kisha upande ule ili mikato miwili ikutane chini. Inachukua muda, lakini slesi zote za tunda hilo zinatoka zimepambwa kwa kazi moja.

Vipande vya kukamulia

Hivi si vya kutazamwa tu. Mtu atakishika, atakikamua, na kama umekikata ovyo, maji yatamrukia jicho la jirani. Tatizo liko kwenye ule uti mweupe. Ukiachwa juu ya kipande, unaziba njia ya maji, nayo yanatafuta upenyo pembeni.

Kata ncha, pasua tunda kwa urefu. Kwenye kila nusu, chana nyama kwa kukingama katikati, ufike kwenye ganda bila kulipita. Huo ndio mchano wa kukalia glasi. Halafu gawa kila nusu kwa urefu: ndimu vipande 3 kwa kila nusu, limau vipande 4. Mwisho, kwenye kila kipande, pitisha kisu juu ya ncha ya mgongo na uondoe ule ukanda mweupe wa uti pamoja na mbegu zilizoukalia. Ukanda huo ni wa milimita 3 tu, lakini ukitoka, maji yanashuka yenyewe yanakotakiwa.

Ndimu ndogo zenye mbegu nyingi hazivumilii njia hiyo. Zisimamishe kwenye kikonyo, ukate shavu moja kwa kupita pembeni ya uti, kisha geuza na ukate shavu la pili, la tatu na la nne. Mkononi utabaki na kijiti cha uti kilichojaa mbegu, na mashavu manne karibu yote hayana mbegu. Kwa sahani ya samaki au nyama choma, sisi tunaona mkato huu ni bora kuliko wowote. Kijiti kilichobaki kikamue, bado kina maji.

Ganda

Pambo la ganda linatoa harufu. Ndiyo maana sehemu yake ya thamani ni ile ngozi ya rangi, na adui yake ni weupe. Weka kimenyeo juu ya tunda, ukibonyeze kidogo tu, uvute kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukanda wa limau uwe na upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 5 hadi 6. Wa chungwa unaweza kufika sentimita 7. Ugeuze uutazame kwa ndani. Ukiona vitone vya rangi vikipenyeza kwenye weupe mwembamba, uko sawa. Ukiona weupe mtupu mnene, ulaze ukanda juu ya ubao, ngozi ichini, upitishe kisu kikiwa kimelala karibu kabisa na ubao, ukiunyoa weupe huo. Usiumalize wote: ganda lililonyolewa kupita kiasi halina nguvu ya kubinyika, linakunjika tu bila kurusha mafuta. Unene wa milimita moja hivi unafaa. Nyoosha kingo kwa mikato miwili ya kisu.

Kulitumia ni hivi. Shika ukanda kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, upande wa ngozi ukikitazama kinywaji, sentimita 10 juu ya glasi. Ubinye kwa ghafla, ngozi ijipinde kwa nje. Kwenye mwanga utaona ukungu mwembamba ukiruka na kutua juu ya kinywaji. Sugua ukingo wa glasi kwa upande wa ngozi, kisha liweke ganda ndani au ulitupe. Ukiubinya ngozi ikikutazama wewe, umejipaka manukato na kinywaji hakikupata kitu. Usipoona ukungu wowote, tunda ni kuukuu.

Mafuta hayo yanawaka moto. Baadhi ya wahudumu wa baa hulipasha ganda la chungwa kwa kiberiti sekunde mbili tatu, kisha hulibinya kupitia kwenye mwali ili lilipuke cheche juu ya glasi. Ganda likishaanza kuwa jeusi umechelewa; masizi yatatua kwenye kinywaji. Usifanye hivyo karibu na pombe kali iliyo wazi wala karibu na nywele za mtu.

Utepe mrefu wa kujiviringisha unahitaji kisu cha mfereji. Anza kwenye kikonyo, zungusha tunda badala ya kuzungusha kisu, na weka upana uleule wa milimita 5 hadi 6 mpaka mwisho. Utepe hukatika pale mkono unapopunguza nguvu, kwa hiyo usitulie katikati ya mzunguko. Fanya kazi hii juu ya glasi yenyewe ikiwezekana, maana kila mzunguko unarusha mafuta. Uviringe utepe kwenye mrija au kijiti, ubane kwa sekunde chache, uutoe kwa kuuchomoa taratibu. Ukitaka ushike umbo zaidi, uache ukiwa umeviringwa ndani ya maji yenye barafu kwa robo saa.

Ua la waridi linatumia utepe mpana, sentimita 2, uliomenywa kwa kisu kutoka juu hadi chini bila kukatika. Hapa acha weupe wa milimita 2, maana ndio unaolisimamisha. Anza kuviringa kutoka upande uliomalizia, mwanzoni ukibana sana, baadaye ukilegeza ili petali zifunguke, kisha uukalishe juu ya kile kikofia cha kikonyo ulichoanzia. Kijiti cha meno kilichokatwa kifupi hushikilia, lakini kitoe kabla ya kuliweka kwenye chakula.

Taji na kikapu

Taji ni nusu ya limau yenye meno ukingoni, na hupendeza sana pembeni ya sinia. Kwanza kata kipande chembamba kwenye ncha zote mbili, milimita 3 hadi 5, tunda liweze kusimama bila kutoboka. Chora mstari hafifu kuzunguka kiuno cha tunda kwa ncha ya kisu. Mstari huo usiudharau. Bila huo, meno yanapanda taratibu na jino la mwisho halikutani na la kwanza.

Chomeka kisu chembamba kwa mshazari, ncha ifike hadi katikati ya tunda. Chomoa. Chomeka tena kwa mshazari wa upande wa pili, mikato ikutane juu kama jino. Endelea hivyo kuzunguka, kila jino upana wa sentimita moja au moja na nusu, jumla meno 10 hadi 12. Ukimaliza, vuta nusu mbili kwa kuzisokota kidogo. Zikikataa kuachana, kuna mkato ambao haukufika katikati. Urudie kwa ncha ya kisu, usilazimishe, kwani ukivuta kwa nguvu nyama inanyofoka upande mmoja na nusu zote mbili zinaharibika.

Kikapu kina mpini wa ganda, upana wa sentimita moja. Shusha mikato miwili kutoka juu hadi kiunoni, mmoja kila upande wa mpini, halafu mikato miwili ya kulala inayokutana nayo. Simama kisu kinapokutana na mkato mwenzake. Kikipitiliza hata kidogo, hapo ndipo mpini utakapokatikia. Toa nyama chini ya mpini, kisha ukombe ndani kwa kijiko chenye ncha kali. Weka sosi au majani ya mnanaa.

Slesi zilizokaushwa

Kata milimita 3 hadi 4, toa mbegu zote, zikaushe kwa karatasi ya jikoni pande zote mbili. Zipange juu ya waya, zisigusane, kwenye oveni yenye nyuzi joto 80 hadi 90 kwa saa 3 hadi 4, ukizigeuza kila saa. Zikigeuka kahawia kabla ya kukauka, moto ni mkali na sukari inaungua. Hifadhi kwenye chupa isiyopitisha hewa. Zikilegea kwa unyevu, zirudishe kwenye oveni dakika 15. Hizi ndizo zinazofaa juu ya keki ya krimu, kwa sababu slesi mbichi huvuja na kuifanya krimu kuganda mabonge kwa asidi.

Kabla na baada

Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, hasa baada ya kushughulikia ndimu, kisha ndipo utoke juani. Maji na mafuta ya ganda lake yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua, yanaweza kuunguza hadi kutoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya muda mrefu.

Mapambo yakatwe siku ileile. Slesi na vipande vipange kwenye chombo chenye mfuniko, juu yake karatasi ya jikoni yenye unyevu kidogo, ndani ya friji. Usivitumbukize kwenye maji: nyama inavimba, ladha inatoka, na slesi inapoteza ukingo wake mkali. Misokoto ya ganda haivumilii kungoja hata hivyo, kwa kuwa mafuta yanapotea hewani kila saa inayopita. Ikate wakati kinywaji kinatengenezwa. Tunda lililomenywa ngozi hukauka upesi, kwa hiyo lifunge vizuri uliweke kwenye friji, na ulikamue kesho yake.